Waya au mafuta? Kuchagua breki za diski kwa baiskeli ya Masisi na Walikale

Swali lililozaa makala haya liliulizwa kwa simu. Mjomba wangu ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Masisi, Kivu Kaskazini. Siku kadhaa kila mwezi hutoka kituoni kwenda vijijini kuchanja watoto, akiwa amefunga kisanduku baridi cha chanjo nyuma ya baiskeli. Baiskeli yake nyeusi ya zamani, yenye breki za vyuma vya fimbo, ilimwangusha kwenye mteremko msimu wa mvua uliopita. Hakuvunjika kiungo, lakini chanjo za kijiji kizima ziliishia matopeni. Sasa alikuwa Goma, mfukoni ana fedha kidogo, na mbele yake ziko baiskeli mbili za milima zilizokwisha kutumika. Bei zilikaribiana.

"Moja inavuta breki kwa waya," aliniambia, "nyingine kwa mafuta, kama pikipiki. Wewe uliyesoma, niambie nichukue ipi."

Mimi nasoma isimu, si uhandisi. Nilimwomba mjomba anipe siku mbili. Nilisoma nilichoweza kupata kwa Kifaransa na Kiingereza, kisha nikampigia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kuelewa jambo ni kazi moja na kulieleza kwa Kiswahili kwa mtu atakayeweka roho yake juu ya maelezo hayo ni kazi nyingine. Makala haya ni jibu nililompa, likiwa limepangwa vizuri kuliko nilivyoweza kulipanga kwenye simu. Mwishoni nitarudi kwenye neno moja lililotaka kutuponza.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto

Tuanze na chombo ambacho kila mtu wa Kivu Kaskazini anakijua. Chukudu ni gari la mbao la magurudumu mawili, lisilo na injini wala pedali, linaloteremsha viazi, makaa, kabichi na mbao kutoka vilimani hadi Goma. Mjini Goma lina hata sanamu yake katikati ya mzunguko wa barabara. Breki ya chukudu nyingi ni kipande cha mpira wa tairi kilichowekwa juu ya gurudumu la nyuma. Dereva hukikanyaga kwa mguu, mpira ukasugua gurudumu, na chombo kikapunguza mwendo.

Breki zote, za chukudu, za baiskeli na za lori, hufanya kazi hiyo hiyo: husugua kitu kinachozunguka, na msuguano hugeuza mwendo kuwa joto. Joto hilo si dogo. Tuchukue mtu mwenye baiskeli na mzigo, jumla kilo 130, anayeshuka mita 500 kwenda chini, kama anayetoka vilima vya Mushaki kuelekea Sake. Akishuka taratibu bila kuacha mwendo uongezeke, nishati inayopotea njiani inatosha kuchemsha karibu lita mbili za maji yaliyokuwa baridi. Sehemu kubwa ya joto hilo hupita kwenye breki zake. Chukudu yenye kilo 300 kwenye mteremko uleule hutoa joto la kuchemsha zaidi ya lita nne, na kipande cha mpira ndicho kinacholibeba. Ndiyo maana madereva wa chukudu huiheshimu miteremko.

Baiskeli nyeusi ya mjomba husugua ringi ya gurudumu. Ringi iko karibu na ardhi, hupita kwenye kila dimbwi, na ikilowa, mpira wa breki huteleza kabla haujashika. Breki ya diski huhamishia msuguano katikati ya gurudumu. Sahani ya chuma hufungwa kwenye kitovu, na vipande viwili vidogo, yaani pedi, huibana kutoka pande mbili. Diski iko mbali na tope, huwa na matundu yanayosaidia kutoa maji na uchafu, na hata ringi ikipinda kidogo kwenye jiwe, breki bado inafanya kazi. Kwa Masisi na Walikale, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kuiacha baiskeli nyeusi.

Hapa mjomba alinikatiza. Alidhani breki ya waya haiwezi kuwa ya diski. Kosa lake linaeleweka, kwa sababu pikipiki za teksi zimetufundisha hivyo: yenye diski hutumia mafuta, na yenye ngoma huvutwa kwa waya au fimbo. Kwenye baiskeli mambo hayako hivyo. Diski na pedi zaweza kuwa zilezile kwenye baiskeli zote mbili. Kinachotofautiana ni jinsi nguvu ya vidole inavyosafiri kutoka kwenye usukani hadi kwenye pedi.

Nguvu inayosafiri kwa waya

Katika breki ya waya, mkono wa breki huvuta waya uliosukwa, unene wake karibu milimita moja na nusu, unaopita ndani ya kava. Upande wa pili waya huvuta kijiti cha kalipa, yaani kile kibano kinachoshika pedi. Kijiti kikizunguka, pedi husukumwa kwenye diski. Ni wenzo unaovuta wenzo, basi.

Uzuri wake ni kwamba unauona wote kwa macho. Waya ukikatika utaona nyuzi, na kava likipasuka utaona ufa. Pedi zikiisha, mkono wa breki huja karibu na usukani siku baada ya siku, nawe unazungusha skrubu ya kurekebishia hadi ushike tena.

Ubaya wake ni wa aina tatu. Kwanza, waya husuguana na kava lake, na tope likiingia ndani msuguano huongezeka hadi mkono unakuwa mzito na waya haurudi vizuri. Pili, waya hunyooka kidogo na kava hujibana kidogo, hivyo sehemu ya nguvu ya vidole huishia njiani. Tatu, breki hizi hazijirekebishi zenyewe. Katika tope jingi pedi zinaweza kulika sana ndani ya siku moja, na asiyesimama kurekebisha atavuta mkono hadi uguse usukani huku baiskeli ikiendelea kwenda.

Kalipa za waya nazo hazilingani. Nyingi za bei ndogo husukuma pedi ya upande mmoja tu. Pedi hiyo huipinda diski kidogo hadi iguse pedi ya pili iliyosimama. Hufanya kazi, ila ile iliyosimama nayo lazima isogezwe kwa mkono kadiri inavyolika. Kalipa bora husukuma pedi zote mbili kwa pamoja.

Nguvu inayosafiri kwa kimiminika

Katika breki ya pili hakuna waya. Mkono wa breki husukuma pistoni ndogo ndani ya mtungi uliojaa kimiminika. Kimiminika hakibanwi kikapungua, kwa hiyo msukumo husafiri ndani ya bomba jembamba hadi kwenye kalipa, ukasukuma pistoni kubwa zaidi zinazobana pedi. Kanuni hiyo ilielezwa na Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungwa huwa sawa kila mahali. Tuseme pistoni ya mkononi ina kipenyo cha milimita 10 na ile ya kalipa milimita 22. Eneo la ya pili ni karibu mara tano ya eneo la ya kwanza, hivyo nguvu inayobana pedi ni karibu mara tano ya ile inayosukuma pistoni ya mkononi.

Faida zake huonekana siku ya kwanza. Kidole kimoja kinatosha kusimamisha baiskeli, na mtu anayeshuka kwa nusu saa hachoki vidole. Unaweza kupunguza mwendo kidogo kidogo bila gurudumu kufunga na kuteleza. Mfumo umefungwa, kwa hiyo tope halingii ndani. Na pedi zikilika, pistoni husogea zenyewe kufuata, mpaka pedi ziishe kabisa.

Hatari zake hazionekani. Bomba likitobolewa na jiwe au mwiba wa chuma, kimiminika hutoka na breki ile hufa papo hapo, na kuifunga kwa mpira wa tyubu hakusaidii. Hewa ikiingia, mkono huwa laini kama sponji, kwa kuwa hewa hubanwa kirahisi ilhali kimiminika hakibanwi. Mafundi husema breki "imeingia upepo", na tiba yake ni "kutoa upepo", kazi inayohitaji kimiminika kipya, mrija, bomba la sindano na mtu anayejua mpangilio. Gurudumu likitolewa na mtu akavuta mkono wa breki kwa bahati mbaya, pistoni hutoka na pedi hubanana. Anayepakia baiskeli ya aina hii kwenye lori inambidi aweke kipande cha mbao au karatasi ngumu kati ya pedi. Na ikisafirishwa miguu juu, hewa iliyokuwa juu ya mtungi yaweza kuingia kwenye bomba. Kwa hiyo aisimamishe vizuri, kisha avute mkono wa breki mara kadhaa kabla ya kupanda.

Joto na tope: Masisi si Walikale

Wilaya hizi mbili, au kwa msamiati wa Kongo, teritware hizi mbili, zimepakana, lakini zinaitesa breki kwa namna tofauti.

Masisi ni nchi ya vilima vinavyopita mita 2,000, yenye malisho ya ng'ombe na njia zinazopanda na kushuka bila kupumzika. Adui wa breki hapa ni joto. Pedi zikipata joto kupita kiasi hupunguza kushika, ziwe za waya au za mafuta. Kwenye breki ya mafuta kuna hatari ya pili: kimiminika chenyewe kikichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Mkono huenda hadi kwenye usukani na hakuna kinachotokea. Breki ya waya haina hatari hiyo, maana hakuna cha kuchemka.

Dawa ya joto ni ileile kwa aina zote mbili. Chagua diski kubwa: milimita 180 au 203 badala ya 160, hasa gurudumu la mbele, ilimradi foku inairuhusu. Usibane breki mfululizo kutoka juu hadi chini. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena, ili diski ipate nafasi ya kupoa. Ukisikia harufu ya kuungua, simama, na wala usimwagie diski maji ikiwa ya moto, kwa kuwa inaweza kupinda.

Walikale iko chini zaidi. Mtu akitoka Masisi kuelekea magharibi huacha malisho na kuingia msituni, mahali ambapo barabara ya taifa namba 3, ile ya kutoka Bukavu kwenda Kisangani, hupita kwenye udongo mzito. Adui hapa ni tope. Tope husaga pedi kama msasa. Pedi zipo za aina mbili kuu: za utomvu, ambazo ni laini, hazipigi kelele na hushika mapema, na za metali iliyoshindiliwa, ambazo hupiga kelele kidogo lakini hudumu zaidi kwenye tope na kwenye joto. Kwa Walikale chukua za metali, baada ya kuhakikisha diski yako inazikubali, kwani diski nyingine za bei ndogo zimeandikwa wazi kuwa ni za pedi za utomvu tu.

Tope pia humaliza waya. Hapa breki ya mafuta inashinda kwa haki: bomba lililofungwa halijali tope. Anayechagua waya lazima achague kava lisilokatwakatwa, yaani linalofunika waya kutoka mkononi hadi kwenye kalipa, na akubali kubadilisha waya na kava mara kwa mara. Gharama hiyo ni ndogo, ila akiisahau breki itamsaliti.

Je, utaitengeneza wapi?

Kama swali lingekuwa breki ipi ina nguvu zaidi, jibu ni la mafuta, na makala yangeishia hapo. Lakini mjomba haendeshi baiskeli mahali ambapo duka la vipuri liko kona ya pili. Tangu vita vya M23 viliporudi mwishoni mwa 2021, barabara za Masisi zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi, vijiji vimehama, na mzigo unaotoka Goma hufika unapofika. Kipuri ambacho hakipo Masisi leo huenda kisiwepo kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo nilimwomba ajiulize: breki ikiharibika kijijini, saa tisa alasiri, mvua inakuja, nitafanya nini?

Ikiwa ni ya waya, atatoa waya wa akiba kutoka kwenye mfuko. Unajikunja kuwa mdogo kuliko kiganja na hauharibiki kwa kukaa. Atahitaji ufunguo wa pembe sita wa milimita 5, koleo, na robo saa. Akikosa wa akiba, baiskeli yoyote ya kijijini inayotumia breki za waya inaweza kumwokoa, ingawa aangalie kichwa cha waya: cha baiskeli ya milima ni kama pipa dogo, cha baiskeli ya mbio ni kama pea. Waya wa pikipiki ni mnene mno, hautaingia.

Ikiwa ni ya mafuta na bomba limetoboka, atatembea. Atarudi akisukuma baiskeli, au atashuka na breki moja, jambo ambalo kwenye mteremko wenye mzigo halifai kuitwa kushuka.

Hata hivyo kuna mtu ambaye ningemshauri mafuta bila kusita: anayeishi Goma, anayetoka asubuhi na kurudi jioni, na mwenye fundi wa pikipiki anayejua kutoa upepo. Huyo atafurahia breki laini na atapata msaada karibu. Lakini naye lazima aangalie jambo moja kabla ya kulipa, na hapo ndipo tunafika kwenye lile neno.

Neno "mafuta"

Siku ya pili ya mazungumzo yetu, mjomba aliniambia kwa furaha: "Mafuta si shida. Hata ya kupikia yapo."

Alikuwa anatania nusu. Nusu nyingine ilinitisha, na kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema "breki za mafuta" tangu mwanzo. Katika Kiswahili chetu mafuta ni ya kupikia, ya taa, ya gari, ya kujipaka, ya mnyororo. Ukiambiwa breki inatumia mafuta, akili inaona familia moja ya vitu vinavyoteleza, na inaona ni halali kimoja kuchukua nafasi ya kingine.

Ukweli ni kwamba breki za baiskeli hutumia vimiminika vya aina mbili vinavyochukiana. Cha kwanza huandikwa DOT kwenye kifuniko, kama DOT 4 au DOT 5.1. Hiki si mafuta hata kidogo: ni cha jamii ya glikoli, huvuta maji kutoka hewani, na kadiri kinavyovuta maji ndivyo kinavyochemka mapema. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishavuta maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi katika hewa ya unyevu si ya kuaminiwa. Cha pili ni mafuta ya madini, yanayotumiwa na Shimano na Magura, kati ya wengine. Haya ni mafuta kweli na hayavuti maji. Mpira wa ndani uliotengenezwa kwa kimoja huharibiwa na kingine. Ukitia kisichofaa, breki yaweza kufanya kazi leo, kisha mpira ukavimba au ukalainika na breki ikafa siku usiyoitarajia. Mafuta ya kupikia hayana nafasi popote.

Tena, matone machache ya mafuta yoyote yakigusa diski au pedi, breki hupoteza nguvu mara moja. Pedi zilizolowa mafuta kwa kawaida ni za kutupa. Mtu mwema anayepaka diski mafuta ili isipige kelele ameiua breki.

Hii ndiyo sababu ninasema uchaguzi wa breki ni pia suala la istilahi. Sina haja ya kumtungia mjomba neno jipya refu. Fundi akisema "mafuta ya breki" na mwenzake akaelewa, neno linafanya kazi. Lakini palipo na hatari lazima tulifunge kwa jina la pili: "mafuta ya breki ya DOT" au "mafuta ya breki ya madini", na tumwambie mtu asome maandishi yaliyo kwenye mkono wa breki kabla ya kufungua chochote. Kwa Goma kuna faida ya kujua tofauti hii: kimiminika cha DOT ndicho pia cha pikipiki na magari, kwa hiyo hupatikana kwa wauza vipuri vya pikipiki. Mafuta ya madini ya breki za baiskeli ni bidhaa ya pekee, na asiyeyaagiza mapema atayakosa. Anayechagua breki ya mafuta Kivu na achague ya DOT.

Jibu

Nilimwambia mjomba achukue ya waya, kwa masharti. Kalipa isukume pedi zote mbili ikiwezekana. Diski ya mbele iwe 180. Kava na waya vibadilishwe kabla hajaondoka Goma, hata kama vinaonekana vizima. Pedi mpya zizoeshwe kwenye tambarare: kwenda kasi kidogo na kupunguza mwendo, mara 20 hivi, kabla ya mteremko wowote. Kila asubuhi avute mikono yote miwili, na kama mmoja unakaribia usukani arekebishe hapo hapo. Kwenye mfuko abebe waya mbili, jozi moja ya pedi, ufunguo wa milimita 5, ufunguo wa nyota wa skrubu za diski, na kitambaa kikavu kisichowahi kugusa mafuta.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kitambaa hicho kinaweza kuwa kilekile anachofutia mnyororo.

"Hapana, mjomba," nilimjibu. "Hicho kina mafuta."

Akacheka, akasema sasa ameelewa.